Miaka minne ya Go, bado kyu ya 9: je, tamaa yangu imepita kiasi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi friji hapa Tanga, nina miaka 36, mke na watoto wawili. Go, huu mchezo wa ubao, nilianza miaka minne iliyopita kwenye simu, nikapanda haraka mpaka daraja la kyu ya 9 kwenye OGS, seva ya kuchezea Go mtandaoni, kisha nikakwama. Mwaka na nusu huu sijasogea. Kila usiku nacheza michezo minne au mitano, na nikishushwa daraja silali mpaka nilirudishe. Mke wangu ananiuliza nakimbiza nini wakati zawadi hakuna. Wenzangu wa drafti kijiweni wanasema mchezo ni wa kupumzisha akili, ukianza kuusomea umeuharibu. Mimi nataka kufika dani ya 1. Je, tamaa hii ni ya kawaida au najidanganya? Na kwa miaka 36, je, nimechelewa? Nimeambatanisha mchezo mmoja nilioshindwa juzi.

Marahaba, ndugu yangu. Jibu lenyewe kwanza: hujidanganyi. Dani ya 1 anaifikia mtu mzima mwenye kazi na familia, na nimefundisha watu waliofika wakiwa wameanza na umri mkubwa kuliko wako. Ila kwa unavyocheza sasa hutaifikia hata ukikesha miaka kumi mingine. Yote mawili ni kweli, na barua hii imekuwa ndefu kwa sababu nataka uone yanavyokaa pamoja.

Wasomaji wengine wasioujua mchezo wanivumilie kidogo. Go ndio ule Wachina wanaouita weiqi na Wakorea baduk. Ubao una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361, na kete huwekwa kwenye makutano, haziwekwi ndani ya vyumba kama drafti. Mmoja ana nyeusi, mwingine nyeupe, na kila mtu anazungushia eneo lake. Kete ikizingirwa pande zote inatolewa. Nafasi tupu zinazoigusa kete Wachina huziita qi, yaani pumzi, nami hufundisha kwa neno hilohilo: kete iliyoishiwa pumzi imekufa. Anayeanza huhesabiwa kutoka kyu ya 30, akipanda namba inapungua hadi kyu ya 1, kisha anavuka kuingia dani ya 1 na kuendelea juu. Dani mnazozisikia kwenye judo na karate zimetokea huku. Mfumo huo unahusishwa na Honinbo Dosaku, bingwa wa Japani wa karne ya 17, na Kano Jigoro aliuazima kwa ajili ya judo miaka mia mbili baadaye.

Sasa tupime safari yako. Kwenye Go daraja moja ni sawa na kete moja ya kutangulizwa. Mtu wa dani ya 1 akikaa na wewe wa kyu ya 9, atakuacha uweke kete tisa ubaoni yeye akiwa hajagusa hata moja, na hapo ndipo mtakuwa sawa. Shirikisho la Go la Ulaya hulihesabu jambo hilo kwa pointi: dani ya 1 ni 2100, na kila daraja ni pointi 100, kwa hiyo kwa mizani yao mtu wa kyu ya 9 ana 1200. Kete tisa. Umbali huo unaonekana, unashikika, na kila usiku unaweza kuupima tena.

Hapa ndipo ninapowaelewa wanaotushangaa. Kwenye drafti ya kijiweni mtu anaweza kuitwa bingwa miaka ishirini kwa sababu wanaokuja kucheza naye ni walewale. Go haimpi mtu nafasi hiyo. Mizani iko wazi mno, na mtu akishapimwa mara moja anatamani kupimwa tena. Ndiyo maana mchezo huu unazalisha watu wenye tamaa hata pale ambapo hakuna senti ya kushindania. Mke wako asidhani umerogwa. Kule Japani, Korea, China na Ulaya kuna wahasibu, madereva wa treni na walimu wa shule wanaokaa na fumbo la Go kwenye treni asubuhi, wakitafuta kete moja tu zaidi ya mwaka jana, na hakuna anayewalipa.

Lakini tamaa zina tabia tofauti. Katika miaka yangu ya kufundisha nimeona yule anayetaka daraja ili alitaje mbele za watu, yule anayetaka kumpiga mtu mmoja tu aliyemdhalilisha zamani, na yule aliyeona jambo fulani ubaoni usiku mmoja akashindwa kulisahau. Wote watatu hupanda. Wa kwanza hupanda kwa kasi, kisha husimama ghafla, na akishasimama huumia kuliko wengine. Barua yako imebeba wa kwanza na wa tatu pamoja. Wa kwanza ndiye anayesema "silali mpaka nilirudishe". Wa tatu ndiye aliyechukua mchezo alioshindwa, si alioshinda, akanitumia. Ninamwandikia huyu wa tatu.

Nimeupitia mchezo wako mara tatu. Ulikuwa na kete nyeusi, mlipeana dakika 30 kila mmoja, ukashindwa kwa pointi 34 na nusu. (Nusu inatokana na fidia ya pointi 6 na nusu anayopewa mweupe kwa kuwa mweusi ndiye anayeanza. Inazuia sare.) Hadi hatua ya 57 ulikuwa mbele kidogo, na hilo silisemi kukufariji: ufunguzi wako ni wa mtu wa kyu ya 5. Kundi lako la upande wa kulia lilikuwa na macho mawili kamili, yaani hata mweupe akipewa nafasi za bure asingeweza kuliua. Kisha akaweka kete ya 58 ikiligusa kundi hilo. Ukajibu. Akaweka ya 60, ukajibu. Ya 62, ukajibu. Mara kumi mfululizo, kuanzia jibu la 59 hadi la 77, alisukuma na wewe ukafuata.

Seva huandika muda wa kila hatua. Kati ya majibu hayo kumi, tisa uliyatoa ndani ya sekunde nne. Mchezo ulipokwisha ulikuwa umebakiza dakika 21 mfukoni.

Ukiyatazama moja moja, majibu yako yana umbo zuri, hakuna ninaloweza kulichora wino mwekundu. Ubaya wake unaonekana ukiyaweka pamoja. Kila jibu liliongeza pumzi kwa kundi lisilohitaji pumzi, na kila kete yake ilikuwa tofali la ukuta unaotazama katikati ya ubao. Muda wote huo, juu kushoto kulikuwa na makundi mawili dhaifu, lako na lake, yakitazamana. Aliyewahi kuweka kete pale angelipa kundi lake uhai na kumtia mwenzake mashakani kwa mpigo mmoja. Hatua ya 78 akaenda yeye. Mliendelea mpaka hatua ya 212, lakini mchezo ulikuwa umekwisha pale.

Wajapani wana maneno mawili kwa hali hii, na wachezaji wa dunia nzima wameyachukua: sente, kushika usukani, na gote, kuwa mfuasi. Wana na la tatu, tenuki: kuiacha kete ya mwenzako bila jibu na kwenda kucheza kwingine. Katika mchezo wako wote wa hatua 212 hukufanya tenuki hata mara moja. Hapo ndipo ulipokwama, ndugu yangu. Hukukwama kwenye joseki, ile mifuatano ya kukariri ya kwenye kona, wala kwenye mahesabu ya mwisho.

Jiulize swali moja kabla ya kila jibu: nisipojibu hapa, atanifanya nini hasa? Kwenye hatua ya 58 jibu lilikuwa: atakula pointi tatu, na kundi bado litaishi. Juu kushoto palikuwa na zaidi ya pointi 20. Mtu wa kyu ya 9 anaujua uwiano huo, nawe unaujua, maana ungeulizwa mchana ukiwa na chai mkononi ungejibu bila shida. Sababu ya kutojiuliza usiku ule ni hofu. Huo ulikuwa mchezo wa nne, tayari ulikuwa umeshushwa daraja, na kundi la kulia lilikuwa mali pekee uliyoiona ya uhakika, ukaikumbatia. Miongoni mwa kanuni kumi za weiqi zinazonasibishwa kwa Wang Jixin wa enzi ya Tang, ya kwanza inasema kwamba mwenye uroho wa ushindi hashindi, na ya nne inasema toa kete sadaka upate kutangulia. Nilipozisoma mara ya kwanza nilizichukulia kama mapambo ya hekima. Baada ya kufundisha nimeziona kuwa ni maelezo ya kiufundi kabisa: anayeogopa kupoteza hujibu, na anayejibu kila kitu hupoteza.

Wewe ni fundi friji, basi nikuulize kwa lugha ya kazi yako. Mteja akikuletea friji isiyopoza, ukakuta gesi imeisha, unajaza tu na kumrudishia? Najua hufanyi hivyo. Unatafuta kwanza panapovuja, maana usipopaziba, mwezi ujao atarudi na maneno. Michezo yako mitano ya kila usiku ni kujaza gesi. Daraja linashuka, unajaza, linapanda, asubuhi limeshavuja. Ukicheza michezo mitano kwa siku, mwaka na nusu ni zaidi ya michezo 2,500, na ndani ya yote hiyo umekuwa ukiufanyia mazoezi mkono uleule unaojibu ndani ya sekunde nne. Mkono huo sasa una ujuzi mkubwa sana wa kujibu haraka.

Kuna msemo wa wachezaji unaowaambia wanaoanza wapoteze michezo yao 100 ya kwanza upesi upesi. Ni ushauri mzuri kwa mtu wa mwezi wa kwanza, kwa sababu akikaa kufikiri hana cha kufikiria. Wengi wetu tunauchukua tukaufanya maisha. Kasi iliyokufikisha kyu ya 9 ndiyo inayokuzuia kufika ya 8.

Mimi nilijifunzia mchezo huu China, nikiwa mwanafunzi wa miaka 27, na nilikaa kyu ya 5 miaka miwili. Chuoni kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akicheza nami Jumamosi. Tulipomaliza alikuwa anazoa kete zote, anazigawa kwenye mabakuli, kisha anaupanga mchezo mzima upya tangu kete ya kwanza, kwa kichwa, zangu na zake. Akifika kwenye kete yangu fulani anaishika kwa vidole viwili, anaigonga taratibu pale pale nilipoiweka, ananiuliza kwa Kichina neno moja tu: kwa nini? Siku za mwanzo nilikuwa sina jibu kwa kete kumi na tano katika mchezo mmoja. Hakunikaripia. Alisubiri, kisha akaendelea na kete inayofuata. Baada ya miezi mitatu ya Jumamosi zile nilianza kulisikia swali lake mkono wangu ukiwa bado hewani, na ndani ya mwaka huo nikavuka kyu mbili bila kuzidisha idadi ya michezo.

Jambo la pili ni kusoma ubao, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kete zako tisa nyingi zilipo. Kundi linaishi likiwa na macho mawili, yaani matundu mawili tofauti ambayo adui hawezi kuyaziba kwa pamoja. Chukua kundi lililozungukwa, ndani yake zimebaki nafasi tatu za mstari mmoja. Zamu ni yako? Weka katikati, tayari una macho mawili, umepona. Zamu ni yake? Ataweka katikati, kundi limekufa. Nafasi nne za mstari mmoja? Usiguse, kundi liko hai, maana akiweka moja ya zile mbili za kati wewe unachukua nyingine. Nafasi nne za mraba? Hapo wengi wa kyu ya 9 huduwaa: kundi limekufa hata zamu ikiwa yako, kwa sababu ukiweka popote unabaki na tatu zilizopinda, naye ataweka kwenye pembe ya mpindo. Nne zenye umbo la herufi T, tano za msalaba, tano zilizobanana kama mraba ulioota mkia, sita zenye umbo la ua: kila moja ina nafasi yake moja ya kufa na kupona, na anayeiwahi ndiye anayeamua.

Maumbo haya hayazidi vidole vya mikono miwili. Unatakiwa uyajue kama unavyojua saba mara nane, bila kuhesabu. Katika mchezo ulionitumia, hatua ya 131, ulikuwa na mraba wa nafasi nne kona ya chini, ukaongeza kete mbili kuulinda. Uliwekeza kwenye maiti.

Kuhusu namna ya kuyajifunza: programu za mafumbo ya kufa na kupona ziko tele kwenye simu, na za bure zinatosha. Ila simu ina mtego. Fumbo likitokea, kidole kinagusa nafasi inayopendeza, simu inajibu, unagusa nyingine, mwishowe inaandika "sahihi" nawe unaona umesoma. Umekisia tu. Kidole kikae mbali na kioo mpaka uone mlolongo wote kichwani, hatua yako, jibu lake baya kuliko yote kwako, hatua yako tena, hadi mwisho. Ukigundua baadaye kwamba kulikuwa na jibu ambalo hukulifikiria, fumbo hilo umelikosa hata kama kete yako ya kwanza ilikuwa sahihi. Anza na mafumbo mepesi kiasi kwamba utapata manane kati ya kumi. Magumu yanamfurahisha mwenye tamaa, lakini mepesi yakirudiwa mpaka yakaingia machoni ndiyo yanayopandisha.

Wewe wa pwani unauelewa ufundi huu kupitia bao la Kiswahili kuliko kupitia drafti. Fundi wa bao hainui kete kabla hajaona zitazunguka vipi na zitalala wapi, na kete ni 64. Wazee waliokuwa wanacheza barazani hawakuwa wakibahatisha, walikuwa wanasoma. Kwa hiyo wale rafiki zako wanaosema ukiusomea mchezo umeuharibu, waheshimu, endelea kucheza nao drafti, lakini jua kwamba hawasemi kwa niaba ya utamaduni wetu wote. Kwetu umahiri wa mchezo umekuwa heshima tangu zamani, na neno fundi tumelitumia kwa mcheza bao kama tunavyolitumia kwako wewe unayetengeneza friji.

Umeuliza kama miaka 36 ni kuchelewa. Inategemea umechelewa nini. Cho Chikun alipelekwa Japani kutoka Korea akiwa na miaka 6 na akawa mchezaji wa kulipwa akiwa na 11; Lee Sedol aliingia akiwa na 12. Mlango huo umefungwa kwako na kwangu, na nakuambia wazi ili usiupige teke usiku. Dani ya 1 ya wapenzi wa mchezo ni mlango mwingine.

Kwa mchezo wa chesi, ndugu wa karibu wa Go ambao umechunguzwa zaidi, watafiti Guillermo Campitelli na Fernand Gobet waliwachunguza wachezaji wa Argentina na kukuta kwamba kati ya waliofika kiwango cha umahiri, kuna aliyefika kwa takriban saa 3,000 za mazoezi na kuna aliyehitaji zaidi ya 23,000. Tofauti kubwa hivyo inaniambia mambo mawili. La kwanza, usijilinganishe na kijana wa seva aliyepita mbele yako ndani ya miezi sita. Kuna watu wanaopewa njia fupi. La pili, namna saa zinavyotumika ina uzito. Uchunguzi mwingine wa chesi, wa Neil Charness na wenzake mwaka 2005, uliona kwamba kinachotabiri nguvu ya mchezaji kuliko kingine ni saa alizokaa peke yake akisoma kwa makini, zikiuzidi hata wingi wa mashindano aliyocheza. Nikisoma hilo naliona usiku wako: saa tatu za kucheza, dakika sifuri za kukaa peke yako na kete uliyoikosea.

Kisha kuna mashine, maana najua utaniuliza. Mwezi Machi 2016 mjini Seoul, programu ya kompyuta iitwayo AlphaGo ilimshinda Lee Sedol 4 kwa 1, na miezi mitano kabla yake ilikuwa imemshinda Fan Hui, bingwa wa Ulaya, 5 kwa 0. Fan Hui ndiye ninayempenda katika kisa hicho kizima. Alipigwa mara tano bila jibu, katika kazi aliyoifanya tangu utotoni, kisha akakubali kufanya kazi na watengenezaji wa mashine ile ile ili aone inaona nini. Hiyo ndiyo tamaa ninayoitaka kwako. Leo programu kama KataGo, iliyotolewa na David Wu mwaka 2019, ni ya bure na ina nguvu kumshinda binadamu yeyote, na inaweza kukuonyesha kosa lako ndani ya sekunde moja.

Imetusaidia, hilo halina ubishi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ulipitia hatua zaidi ya milioni 5.8 za wachezaji wa kulipwa kuanzia 1950 hadi 2021, na ukaona ubora wa maamuzi yao ulipanda waziwazi baada ya mashine kuja. Lakini wale wanasoma wakiwa tayari na swali kichwani. Mtu wa kyu ya 9 anaangalia alama ya bluu ambayo mashine inaonyeshea hatua bora, anasema "kumbe hapo", anafunga simu, na kesho hakumbuki. Mashine haikuambii kwa nini. Kwa hiyo utaratibu wangu ni mmoja na siulegezi kwa mwanafunzi yeyote: pitia mchezo mwenyewe kwanza, andika hatua tatu unazodhani zilikuharibia, ndipo ufungue mashine. Tazama kosa moja tu, lile kubwa kuliko yote. Likiwa ni mojawapo ya matatu yako, jicho lako linakua. Lisipokuwemo, hapo umepata somo la wiki nzima, na hayo mengine thelathini yaache yapite.

Sasa mke wako. Nadhani kuhusu zawadi hayuko sahihi, lakini kuhusu usiku yuko sahihi kabisa, na bahati nzuri kwako ni kwamba anachokitaka yeye na kinachokupandisha wewe ni kitu kimoja. Mchezo mmoja kwa siku, wa dakika 30 kila mmoja, unaanza mapema. Siku yenye kazi nyingi usicheze, fanya mafumbo kumi mepesi ukisubiri friji ijaribiwe. Ukishindwa, funga. Usiku huohuo usitafute wa kurudishia. Daraja lililoshuka likae limeshuka mpaka kesho, ulale nalo. Najua hilo ni gumu kuliko fumbo lolote nililokutajia, kwa sababu nami nililifanya kosa hilo la kurudishia kwa miaka, na kila mara mchezo wa tano ulikuwa mbaya kuliko wa nne. Ukiona huwezi, kuna mpangilio kwenye seva wa kuficha madaraja, yako na ya unayecheza naye. Uwashe kwa miezi mitatu. Utashangaa kete zinavyoanza kuonekana.

Cheza pia na wanaokuzidi, na ukubali kete za kutangulizwa bila aibu. Wajuaji wengi wa intaneti wanazikataa wakidhani ni kudharauliwa, wakati ndizo zilizoujenga mchezo huu kwa karne nyingi: mwanafunzi anaketi na mwalimu akiwa na kete tisa, mwaka ujao nane. Ukiwa na kete nne mbele ya mtu wa kyu ya 5 utajifunza kitu ambacho aliye sawa na wewe hawezi kukufundisha, yaani namna anavyoziacha kete zako bila kuzijibu. Utamwona akifanya tenuki usoni pako, kundi lake likiwa bado linatikisika, na utajiuliza amepata wapi ujasiri. Nenda kafuatilie. Mara nyingi utakuta alihesabu.

Kiasi cha muda ninachokutarajia: ukishika haya, naona kyu ya 7 ndani ya nusu mwaka, na dani ya 1 ndani ya miaka minne au mitano. Siwezi kukuapia. Katikati, karibu na kyu ya 4, utakwama tena, na pale ugonjwa utakuwa mwingine: utakuwa unashambulia makundi yasiyoweza kufa. Tutalizungumza ukifika.

Kwa leo nataka kitu kimoja. Baada ya miezi mitatu nitumie mchezo mwingine ulioshindwa. Kuanzia hatua ya 50 hadi ya 80, andika kando ya kila kete yako nyeusi sababu yake kwa maneno machache, hata kama sababu ni "niliogopa". Na ile tenuki yako ya kwanza, popote itakapokuwa, izungushie duara.